Video za Masomo kwa Vijana Wetu: Tununue Nini Hasa?

Maneno ya Mweka Hazina katika hafla ya harambee ya mwaka

   

Mmezoea kuniona nikisimama na karatasi ya mapato na matumizi, na najua nikisimama tu kuna wanaoanza kugeuza shingo kuangalia kama pilau limekaribia. Leo nimewaonea huruma. Taarifa ya fedha imechapwa kwenye kijitabu mlichopewa mlangoni, mtaisoma kwa nafasi na maswali mtaniletea. Kamati imeniomba nizungumzie jambo moja tunalotaka kuwaomba mlichangie mwaka huu, nalo ni video za kufundishia historia na sayansi kwa vijana wetu wa sekondari.

Mara ya kwanza nilikataa. Nilisema mimi ni mhasibu, hayo ni ya walimu. Mwenyekiti akanijibu, "Walimu watatuambia uzuri wake. Wewe tuambie tutapoteaje fedha." Basi nitaanza hapo hapo, kwenye kupoteza fedha.

Miaka kadhaa iliyopita umoja wetu ulinunua televisheni kubwa na kuipeleka kwenye shule moja, ambayo sitaitaja. Siku ya makabidhiano tulipiga picha. Mimi binti yenu nimo katika picha hiyo, nimeshika kona ya boksi na natabasamu. Mwaka uliofuata nilikwenda nyumbani kwenye msiba, nikapita shuleni kusalimia. Televisheni nikaikuta ofisini, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua mekundu, na juu yake yamepangwa madaftari ya mahudhurio. Nikamuuliza mwalimu kulikoni. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Dada, mlituletea televisheni. Cha kuonyesha hamkutuletea. Na LUKU yetu inakata tarehe 10 ya mwezi."

Sikuwa na jibu. Kwenye vitabu vyangu televisheni ile nilikuwa nimeiandika kama mradi uliokamilika. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hii ilikuwa na daftari, na bado ilipotea. Kosa halikuwa la shule. Lilikuwa letu, na sehemu kubwa ilikuwa yangu, kwa sababu niliidhinisha malipo ya kifaa bila kuuliza nani atakitumia, saa ngapi, kumfundisha nini, na umeme atalipa nani.

Ndugu zangu, pamoja na aibu hiyo, leo nimesimama kuwaomba mchangie video. Nitawaeleza kwa nini sijakata tamaa.

Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mtengeneza ng'onda. Samaki akipasuliwa, akipakwa chumvi, akipangwa, mama alijua kwa kumgusa tu kama amekwisha toa maji ya kutosha kuanikwa. Nilikuwa nikimsaidia kila nilipotoka shule. Nilipofika kidato cha tatu tulifundishwa osmosisi kwenye Biolojia. Mwalimu alituandikia maana yake ubaoni kwa Kiingereza, sentensi ndefu moja, tukaikariri kama tunavyokariri sala. Kwenye mtihani niliiandika bila kukosa hata nukta, nikapata alama zote.

Miaka ikapita. Nikaenda Mlimani, nikasoma biashara, nikawa mhasibu. Siku moja nyumbani kwangu Dar es Salaam binti yangu anafanya kazi ya shule, anaangalia video kwenye simu. Katika video ile kuna utando mwembamba, upande mmoja maji matupu, upande wa pili maji ya chumvi. Vitone vya maji vinapita kwenye utando kuelekea upande wenye chumvi nyingi. Chumvi haipiti, inabaki. Nilisimama na mwiko mkononi. Nikasema, "Lakini hii ni ng'onda!" Chumvi iko nje ya nyama, maji yamo ndani ya nyama, maji yanatoka kuifuata chumvi. Na wale wadudu wasioonekana wanaoozesha samaki nao wananyonywa maji yao, wanashindwa kuishi. Ndiyo maana ng'onda haiozi upesi.

Binti yangu aliniangalia kama mtu aliyechelewa basi. Nami kweli nilichelewa, miaka zaidi ya 20. Mama yangu alikuwa na ujuzi, mimi nilikuwa na sentensi, tulikuwa tukikaa kwenye mkeka mmoja, na hapakuwa na mtu wa kutukutanisha. Mama akafa hajui kwamba alichokuwa akikifanya kipo kwenye kitabu cha kidato cha tatu. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo ninalotaka fedha zenu zitibu.

Sasa niseme video inaweza nini na haiwezi nini, maana tusije tukauziana mbuzi kwenye gunia.

Kwanza, video inaonyesha kisichoonekana. Mwalimu hodari anaweza kuchora moyo ubaoni, lakini hawezi kuuchora ukipiga. Hawezi kuleta darasani mwezi, jua na dunia vikizungukana. Shule nyingi za kwetu vifaa vya maabara ni vichache na wanafunzi ni wengi, kwa hiyo jaribio linafanyika mbele, na wa nyuma wanaona migongo ya wenzao.

Pili, video inarudiwa bila aibu. Mmarekani Salman Khan, ambaye kazi yake wakati huo ilikuwa ya mambo ya fedha kama mimi, alianza mwaka 2004 kumfundisha hesabu binamu yake aliyekuwa mji mwingine. Mwaka 2006 akaanza kuweka masomo hayo YouTube, na hapo ndipo ilipotoka Khan Academy inayojulikana leo duniani. Yeye mwenyewe husimulia kwamba binamu zake walimwambia wanampenda zaidi kwenye video kuliko ana kwa ana. Sababu yao ni kwamba kwenye video wanaweza kumsimamisha, wakarudi nyuma, wakarudia mara ya tatu, na hakuna anayewauliza, "Hata sasa hujaelewa?" Wangapi humu ndani tulinyamaza darasani kwa kuogopa swali hilo?

Tatu, kuna suala la lugha, na hapa kwetu ndipo mzizi ulipo. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote hadi darasa la saba. Anaingia kidato cha kwanza, anakuta Biolojia, Kemia na Fizikia zote ni kwa Kiingereza, na mtihani ni kwa Kiingereza. Anakuwa na masomo mawili ndani ya moja: kuelewa neno, kisha kuelewa jambo. Wengi wanaishia kwenye neno. Video inaweza kusema jambo kwa Kiswahili chetu, huku istilahi ya Kiingereza atakayoikuta kwenye mtihani ikiandikwa chini ya picha. Mtoto anaondoka na vyote viwili.

Haya si mageni nchini. Ubongo Kids, katuni za hesabu na sayansi zilizotengenezwa hapa hapa Dar es Salaam, zilianza kuonekana TBC1 mwaka 2014, na zilizungumza Kiswahili tangu mwanzo. Wengi wenu watoto wenu wanaziimba. Na Machi 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, masomo yalirushwa redioni na kwenye televisheni. Lakini katuni zile zilitengenezwa kwa ajili ya watoto wadogo. Kijana wa miaka 15, anayesoma mabadiliko ya kemikali na historia ya ukoloni, ana machache ya kuangalia kwa lugha anayoiwazia. Na yaliyotoka pwani yake mwenyewe ni machache zaidi.

Sasa video isichoweza. Haiwezi kumuuliza mtoto swali na kumtazama usoni akijibu. Haijui kama amelala. Haijui kama ameelewa kinyume. Kazi hiyo ni ya mwalimu, na ukimwondoa mwalimu umenunua sinema.

Katika jambo hili nchi yetu ina somo lake, tena somo la zamani kuliko simu. Rudini nyuma hadi mwaka 1935. Huko Vugiri, kwenye milima ya Usambara, palikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za kuelimisha Waafrika. Kati ya 1935 na 1937 zilitengenezwa filamu 35, kuhusu kilimo, afya na mambo mengine, zikazungushwa kwa gari Tanganyika na nchi jirani, na maneno yake yakichezwa kutoka kwenye santuri kwa lugha mbalimbali. Mojawapo ya filamu za mwanzo ilihusu benki ya akiba ya posta: mmoja anaficha fedha zake ardhini zinaibwa, mwenzake anaweka benki zinasalimika. Kama mhasibu, filamu hiyo siwezi kuipinga!

Lakini angalieni mwisho wake. Fedha za mradi zilitoka nje, kwa sehemu kubwa Marekani, kwenye Shirika la Carnegie. Fedha zile zilipokwisha, serikali za makoloni hazikukubali kubeba gharama, na kazi ikasimama. Tena waliotunga na kuamua watu wafundishwe nini walikuwa wageni. Mwenyeji alionekana kwenye picha, lakini neno halikuwa lake. Mradi uliozaliwa na fedha za mfadhili ukafa na fedha za mfadhili. Nyie mnaofanya kazi maofisini mmeshaona mingapi ya namna hiyo?

Kisha njooni mwaka 1973. Wazee mtakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya. Hapakuwa na picha kabisa, ilikuwa redio tu. Lakini watu walikaa kwenye vikundi, kila kikundi na kiongozi aliyepewa mafunzo, na kijitabu mkononi. Kipindi kikisikilizwa redio inazimwa, watu wanajadiliana: huku kwetu hali ikoje, tufanye nini? Kisha wanakwenda kuchimba choo, kufyeka majani, kusafisha kisima. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Redio ilikuwa ile ile iliyokuwa ikipiga muziki jioni. Kilichofanya kazi ni kile kikao baada ya redio kuzimwa, na jembe baada ya kikao.

Kwa hiyo, ndugu zangu, swali la mwaka huu si kama tununue skrini. Skrini tunazo. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu nchini, na simu ziko mikononi mwa karibu kila mzazi. Kinachotufaa kununua ni zile dakika zinazokuja baada ya kuzima video. Kipindi cha sekondari ni dakika 40. Tunataka video ichukue dakika 7, na dakika 33 tumwachie mwalimu na wanafunzi.

Niwape mfano wa kipindi kimoja. Somo ni osmosisi. Video inafunguliwa, anaonekana mama wa Mbegani anapaka samaki chumvi, anaeleza kwa maneno yake anavyojua kwamba maji yametoka. Kisha picha ya utando na vitone. Inasimamishwa. Mwalimu anauliza: kiazi mbatata kikilazwa usiku kwenye maji matupu, na kingine kwenye maji ya chumvi, kesho vitakuwaje? Kila mwanafunzi anaandika jibu lake kabla. Wanavikata, wanavilaza. Asubuhi kimoja kigumu kimejaa, kingine kimelegea kama kitambaa. Gharama ya jaribio ni viazi viwili na chumvi ya kiganja, na mtoto hatasahau mpaka anazeeka.

Mfano wa pili, bamvua. Kila mtoto wa kwetu anajua kuna siku bahari inakwenda mbali hadi unaona miamba, na siku za maji mafu ambapo haiendi mbali. Babu zetu walijua kwamba bamvua linakuja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kitabu cha jiografia kinasema hivyo hivyo kwa maneno mengine: siku hizo jua na mwezi vimejipanga kwenye mstari mmoja na dunia, mvuto wao unajumlishika, mwezi ukiwa nusu, kila mmoja anavuta upande wake na nguvu inapungua. Video ionyeshe mzunguko huo wa mbinguni, kisha imwonyeshe mvuvi. Halafu watoto wachomeke mti wenye alama ufukweni, waandike kimo cha maji kujaa kwa siku 14. Watagundua wenyewe kwamba maji kujaa huchelewa kila siku kwa takriban dakika 50. Hiyo ni fizikia, na maabara yake Mungu ametupa bure.

Nikija kwenye historia, kwetu ni utajiri uliolala. Mtoto anayesoma kuhusu miji ya kale ya Waswahili yuko mwendo wa baiskeli kutoka Kaole, penye msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe, na wengine hawajawahi kuingia. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji, ikawa makao ya utawala wa Wajerumani mpaka 1891 yalipohamia Dar es Salaam. Mwaka 1888 pwani hii iliinuka dhidi yao, Abushiri akiongoza upande wa Pangani na Bagamoyo, na Bwana Heri akishikilia Saadani. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Haya yote yako kwenye mtihani kama tarehe. Nyumbani kwetu yapo kama mahali.

Lakini kwenye historia video ina hatari yake. Picha ikipigiwa muziki mzito, mtoto anaamini kila inachosema. Kwa hiyo video zetu za historia zimfundishe kuuliza. Nitoe mfano wa jina lenyewe la Bagamoyo. Wapo wanaosema ni kilio cha mtumwa aliyefika baharini akajua hatarudi, akabwaga moyo. Wapo wanaosema ni faraja ya mpagazi aliyetembea miezi kutoka bara, akafika, akatua mzigo na moyo ukatulia. Tusimchagulie mtoto. Video ieleze zote mbili, isimame, mwalimu aulize: kila upande una ushahidi gani? Nani alilisema, lini, na kwa nini lingemfaa kusema hivyo?

Au mchukueni Livingstone. Februari 1874 mwili wake ulifika Bagamoyo, baada ya kubebwa kwa miezi mingi kutoka mahali alipofia mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Kila kitabu kina jina lake. Waliombeba je? Chuma na Susi wanatajwa, na Jacob Wainwright, lakini msafara ulikuwa wa makumi ya watu, wanaume na wanawake. Mtoto akiulizwa, "Hao wengine majina yao yako wapi?", amekwisha kuanza kuwa mwanahistoria. Na kwa kuwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili sasa limo kwenye mitaala mipya na linafundishwa kwa Kiswahili, hakuna kisingizio cha lugha.

Jambo jingine ni la haraka zaidi. Wazee wanaojua kuunda jahazi bila mchoro, kupiga kalafati, kusoma maji kwa rangi yake, wanaondoka mmoja mmoja. Kila msiba ninaokwenda nyumbani, nahesabu. Hesabu hiyo ni mbaya kuliko hasara yoyote niliyowahi kuiandika, kwa sababu haina mwaka ujao wa kuifidia. Wakati ule wa mazungumzo ya bandari, tulibishana sana juu ya ardhi na fidia, na ilikuwa haki yetu. Lakini hakuna aliyeuliza maarifa ya wazee wetu yatahifadhiwa wapi. Kamera moja na mtu mwenye subira vinatosha kuanza.

Najua yapo maswali, nami nimeyasikia kwenye kikao cha kamati.

La kwanza: vijana hawa simu imeshawaharibu, mnawaongezea? Wazazi wangu, hofu hiyo ni ya haki, mimi pia nina watoto. Mpango wetu haumpi mtoto simu. Video inaonyeshwa darasani, kwenye ukuta mmoja, mbele ya mwalimu, kutoka kwenye flashi isiyohitaji bando wala intaneti.

La pili: walimu hawataona tunawapokonya kazi? Walimu wawili waliokuja kamatini walisema hofu yao ni nyingine. Wanaogopa kuongezewa kazi bila kusaidiwa muda wa kujiandaa. Wako sahihi, na mtaona tumewawekea fungu.

La tatu lilitoka kwa shangazi yangu, na ni zito: kuna shule vyoo vya wasichana havitoshi, ninyi mnazungumza video? Shangazi, nakujibu hadharani. Mahali ambapo ni lazima kuchagua kati ya choo na video, mimi nachagua choo. Ndiyo maana fedha za vyoo tulizochanga mwaka jana haziguswi, ziko kwenye akaunti yake, na mradi huu hautaanza kwenye shule yoyote ambayo haina vyoo na maji. Leo tunaomba fungu jipya, pembeni ya lile.

Sasa bajeti, na hapa niko nyumbani kwangu. Katika kila shilingi 100 mtakayochanga, kamati inapendekeza hivi. Shilingi 30 ni vifaa: projekta ndogo, spika, betri ya kuchaji na paneli ya jua, na kabati la chuma lenye kufuli. Shilingi 30 ni kutengeneza video zetu sita za mwanzo: ng'onda na chumvi, bamvua, mikoko na mwani wa Mlingotini, magofu ya Kaole, njia ya misafara, na uundaji wa jahazi. Vijana wetu waliosomea mambo ya picha wamejitolea kupiga bila malipo, tutawalipia nauli na chakula, na tutaomba kibali kila panapohitajika. Mzee au mama atakayerekodiwa ataombwa ridhaa kwanza, ataonyeshwa kazi kabla ya watoto, na atapewa posho yake, kwa sababu huyo siku hiyo ni mwalimu. Shilingi 25 ni za walimu: siku za maandalizi wakati wa likizo, na karatasi ya maswali kwa kila video. Shilingi 15 za mwisho ni LUKU, matengenezo na ukaguzi.

Tutaanza na shule mbili kwa mwaka mmoja. Kabla ya kila somo wanafunzi watajibu maswali kumi, baada ya somo watajibu hayo hayo, na mwezi mmoja baadaye tena. Ule wa mwezi mmoja ndio nitakaouamini, maana mimi ni shahidi kwamba mtu anaweza kupata alama zote leo na asiwe ameelewa kitu. Matokeo nitawasomea hapa mwakani, yawe mazuri au mabaya. Yakiwa mabaya tutasimama, na kilichobaki kwenye fungu nitakuja kuwauliza kiende wapi.

Na ile televisheni? Nimeshazungumza na shule. Wako tayari kuvua kitambaa. Itakuwa ya kwanza kuonyesha video ya ng'onda, na safari hii LUKU imo kwenye bajeti.

Ndugu zangu, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi tuliotawanyika Dar es Salaam, Dodoma, Arusha na nje ya nchi, elimu yetu ilianzia kwenye fukwe zile, kwa mama waliopaka samaki chumvi ili ada ilipwe. Wakati wa kuahidi ukifika, msitaje kiasi cha kujisifia. Tajeni mnachoweza kutoa kweli, maana ahadi haziingii kwenye daftari langu mpaka zimekuwa fedha. Haba na haba hujaza kibaba. Mwenye 5,000 na mwenye 500,000, wote nitawakatia risiti.

Na kama una mzazi au babu nyumbani mwenye ujuzi wa bahari, wa mikoko, wa tiba au wa simulizi, niandikie jina lake kabla hujaondoka hapa. Orodha hiyo, kwangu, ina thamani sawa na hundi.

Mungu awabariki, aibariki Mbegani na watoto wetu.  Pilau sasa linaweza kuja.